Kreta ya Empakaai: maji, nyati na kucha

SWALI: Tuko 12. Tunataka kutembea ukingoni mwa kreta ya Empakaai, Ngorongoro, kisha tushuke ziwani. Tubebe maji kiasi gani? Askari wa nini?

JIBU: Msitu wa pale una nyati, ndiyo maana ya askari mwenye bunduki. Msimpite, na mzoefu wenu akae nyuma kabisa.

Maji, lita 3 kila mtu; ziwa lenyewe ni la magadi, halinyweki. Mteremko unadanganya: kushuka ni kama dakika 45, kupanda hata mara mbili yake, kwani ukingo hufika mita 3,000 juu ya usawa wa bahari na pumzi hukata mapema. Kabla ya kushuka kaza kamba za viatu kifundoni, la sivyo vidole gumba vitagonga ncha ya kiatu na kucha zitavilia damu.