Kwa mnaoanza kazi ya takwimu za VVU: ijueni namba kabla ya kuituma

Wengi mnaoingia kwenye vitengo vya takwimu za VVU siku hizi mnafika mmeiva kwenye kompyuta, na hilo ni jema. Kitakachowasumbua ni wingi wa wakubwa. Kuna wizara, kuna Shirika la Afya Duniani, UNAIDS (shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI), Global Fund (mfuko wa dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria), PEPFAR (mpango wa Marekani wa UKIMWI), vyuo vikuu vya nje na mashirika yanayotekeleza miradi, na kila mmoja ana fomu yake na tarehe yake ya mwisho. Usipojiangalia, miezi michache tu utakuwa fundi wa kujaza fomu, na hakuna atakayekuuliza maambukizi mapya yanatokea wapi.

Anzeni na namba ya chini, ile inayogawanya. Lengo la 95-95-95 linataka asilimia 95 ya wanaoishi na VVU wajue hali zao, asilimia 95 ya hao watumie dawa, na asilimia 95 ya wanaotumia dawa wawe na virusi vilivyofubazwa. Idadi ya wanaotumia dawa unaweza kuihesabu kwenye rejista. Idadi ya wote wanaoishi na VVU haihesabiki popote, inakadiriwa. Kazi hiyo nchi nyingi huifanya kila mwaka kwa programu ya kompyuta iitwayo Spectrum, pamoja na wataalamu wa UNAIDS, wakiunganisha tafiti za kaya, vipimo vya wajawazito kliniki na takwimu za tiba.

Makadirio hayo yanaweza kuyumba kuliko mgeni anavyodhani. Mwaka 2006 India ilikadiriwa kuwa na watu milioni 5.7 wanaoishi na VVU. Mwaka uliofuata ikawa milioni 2.5. Hakuna muujiza uliotokea. Awali walitegemea zaidi vituo vichache vya ufuatiliaji, hasa kliniki, kisha ukaja utafiti wa nyumba kwa nyumba uliopima damu. Nigeria nayo, baada ya utafiti wake mkubwa wa 2018, iliona kiwango kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kikiwa asilimia 1.4, wakati makadirio ya awali yalisema 2.8. Fikiria wewe ndiye mwenye bajeti ya vitendanishi vya kupima VVU. Ndiyo maana ukipewa asilimia yoyote, uliza kwanza: imegawanywa kwa nini, na nani aliyekadiria?

Hapo hapo kuna mtego ambao hata wakongwe huuingia. Kila duru ya makadirio huchora upya mkondo wote wa nyuma, miaka yote tangu janga lilipoanza. Ukichukua namba ya mwaka jana kutoka ripoti ya mwaka jana, ukailinganisha na ya mwaka huu kutoka ripoti mpya, unaweza kutangaza maambukizi yamepanda kumbe kilichobadilika ni hesabu. Chukua miaka yote kutoka faili moja la duru moja. Na usiifute ile mipaka ya juu na ya chini ya makadirio eti kwa sababu waziri hapendi mabano.

Sasa namba ya juu, ile inayogawanywa. Mgonjwa aliyekosa kuja kuchukua dawa unamwondoa lini kwenye hesabu ya wanaotumia dawa? Miaka mingi wengi walitumia siku 90 baada ya tarehe aliyotarajiwa. Baadaye PEPFAR wakahamia siku 28. Ripoti mbili za kituo kimoja, mwezi mmoja, zinaweza kumhesabu mtu yule yule yupo huku na amepotea kule, na hakuna aliyedanganya. Nimekaa vikao vinavyomalizika kwa watu kutupiana maneno juu ya tofauti ambayo fasili mbili zilizowekwa mezani zingeielezea kwa dakika tano. Andikeni fasili kwenye kila jedwali. Kama mfadhili anataka yake, apewe, lakini itokane na rejista ile ile ya taifa. Kumletea muuguzi daftari la pili kwa ajili ya mradi ni kumwibia muda wa wagonjwa, na daftari la pili siku zote huishia kujazwa kwa haraka jioni.

Nendeni vituoni. Wilaya inayoonyesha asilimia 112 ya wanaoishi na VVU wako kwenye dawa haina lazima ya kuwa na karani mzembe. Huenda watu wanavuka kutoka wilaya jirani ili wasionekane na majirani. Huenda waliohama wamesajiliwa mara mbili kwa sababu hakuna namba moja ya utambulisho. Au makadirio ya wilaya yako chini mno. Mwenye jibu ni karani anayeijua rejista, naye haalikwi kwenye warsha za hotelini.

Jambo moja lisilo na mjadala: ramani za maeneo wanayokutana wanaouza ngono, wanaojidunga dawa za kulevya au wanaume wanaofanya ngono na wanaume hazitumwi kwa barua pepe, haidhuru anayeomba ni mshirika gani. Mahali ambapo watu hao wanakamatwa, faili hilo ni hatari kwao.

Kuhusu ushirikiano wenyewe, msiuogope wala msiuabudu. DHIS2, programu inayobeba ripoti za afya za nchi nyingi, inaendelezwa Chuo Kikuu cha Oslo, na imekua kwa sababu mafundi wa wizara walijifunza kuibadilisha wenyewe. Mtaalamu mgeni akija kujenga modeli, kaa kwenye kiti chenye kibodi, yeye akae pembeni. Akiondoka na faili ambalo hakuna wa kulifungua, mmepata ripoti moja tu.

Hatari ya kuwategemea wageni si nadharia tena. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, katika nchi kadhaa makarani wa takwimu waliolipwa na miradi waliachishwa kazi, na vituo vikabaki na kompyuta zisizo na wa kuingiza taarifa. Kwa hiyo wiki yako ya kwanza kazini uliza maswali ambayo yataonekana ya utovu wa adabu: seva iko wapi na inalipiwa na nani, nenosiri la msimamizi wa mfumo analo mtumishi gani wa serikali, mishahara ya makarani inatoka fungu gani, na mkataba wa kila mradi unaisha mwezi gani. Andika majibu, mpe mkuu wa kitengo, na uyapitie tena kila robo mwaka kabla ya kikao cha bajeti.