Kuwa muuguzi wa usingizi Marekani: shahada ya uzamili ya uuguzi haitoshi

Dada, umeuliza kama kwa leseni yako ya RN (muuguzi aliyesajiliwa), shahada ya uzamili ya uuguzi na miezi minane ya kazi ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) unaweza kufanya moja kwa moja mtihani wa CRNA, yaani muuguzi aliyethibitishwa kutoa dawa ya usingizi. Hapana. Mtihani huo, unaotolewa na NBCRNA (bodi inayowathibitisha wauguzi hao), ni wa waliomaliza programu ya usingizi iliyoidhinishwa na COA (baraza linaloidhinisha programu hizo). Uzamili wa fani nyingine ya uuguzi haukupi nafasi hiyo.

Kuingia kwenye programu kunahitaji angalau mwaka mmoja kamili wa kuhudumia wagonjwa mahututi, kwa hiyo usiondoke ICU sasa hivi. Mwaka ni kiwango cha chini tu, na ushindani ni mkali. Wanaochagua wanafunzi wanaangalia kama umezoea mashine za kupumulia na dripu za kupandisha presha. Kama wodi yako haina wagonjwa wa namna hiyo, omba uhamisho mapema.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: tangu Januari 2022, kila anayeanza programu husoma ngazi ya uzamivu, DNP (uzamivu wa uuguzi) au DNAP (uzamivu wa uuguzi wa usingizi), miaka mitatu hivi. Humo unatakiwa kutoa usingizi kwa wagonjwa wasiopungua 600 na kutimiza saa 2,000 za kliniki. Kufanya kazi huku unasoma ni karibu haiwezekani, na hapo ndipo ndugu zetu wanaotuma pesa nyumbani hukwama. Zungumza na familia na uweke akiba kabla hujaomba nafasi.