Jina la tovuti yako limeandikwa kwa nani?

Juni ya mwaka juzi, kusi limeshashika na masika yamekwisha, mjomba alinipigia simu nikiwa skuli. Si kawaida yake kunipigia saa za kazi.

"Mwanangu, kuna mgeni kaniuliza kwenye WhatsApp kama nyumba tumeifunga."

Nyumba hiyo ina vyumba sita, huku kaskazini ya Pemba, karibu na msitu wa Ngezi. Wageni wanaokuja kutazama popo wa Pemba na wanaokuja kuzamia wengi hutupata kwa tovuti. Nikaifungua kwenye simu, nikakuta ukurasa wa matangazo ya viatu na mikopo. Nikatuma baruapepe kwenye anwani yetu ya kupokea wageni. Ikarudi, anwani haipo.

Kikoa chetu, yaani jina la tovuti, au domeini kama wengi tunavyoiita, kilikuwa kimekwisha muda tangu tarehe 11 Aprili. Zilipita siku 62 hatuna habari. Masika kwetu ni wakati wa kupaka chokaa na kuezeka upya, wageni hakuna, kwa hiyo kimya kile hatukukitilia shaka.

Chanzo chake kilikuwa cha miaka ya nyuma. Tovuti alitutengenezea kijana wa jirani, mtu mwema, na kazi yake ilikuwa nzuri. Alipokisajili kikoa alitumia jina lake, baruapepe yake na kadi yake ya benki. Nia mbaya hakuwa nayo. Mjomba hakuwa na kadi, fomu zilikuwa za Kiingereza, na kijana alitaka kumaliza kazi. Nimeona hoteli ndogo, maduka ya viungo na hata jumuiya za kijiji zimesajiliwa hivyo hivyo, na hakuna mwenyewe anayejua mpaka siku ya balaa. Kijana wetu akapata kazi Maskati, akahama. Kadi ikaisha muda wake. Baruapepe ile akaacha kuifungua.

Ilani za kukumbusha zilitumwa. ICANN, taasisi inayosimamia mpangilio wa majina haya duniani, inamtaka msajili, yaani kampuni inayokuandikishia jina, akumbushe angalau mara mbili kabla ya muda kwisha, kiasi cha mwezi mmoja kabla na wiki moja kabla, na mara moja tena ndani ya siku tano baada ya kwisha. Zote zilikwenda kwa mtu ambaye hazisomi.

Mjomba aliniuliza swali ambalo nimelisikia kwa wengi tangu hapo: "Kwani jina si letu? Si tulilinunua?"

Nilimjibu kwa mfano wa eka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi hapa waligaiwa eka tatu tatu. Unalima, unachuma karafuu zako, lakini ardhi yenyewe ni ya umma, nawe una haki ya kuitumia. Kikoa kina sura hiyo, ila chenyewe kina tarehe ya mwisho. Unakilipia mwaka mmoja, au miaka kadhaa, na kwa .com huwezi kulipia zaidi ya miaka 10 mbele. Ukiacha kulipa, haki inaondoka. Na anayetambuliwa kuwa ndiye mwenye haki ni yule aliyeandikwa kwenye daftari la msajili, si aliyetoa pesa mkononi wala ambaye picha ya nyumba yake imo kwenye tovuti. Kwenye daftari mjomba hakuwepo kabisa.

Sasa hesabu ya siku, kwa sababu hapa ndipo mtu anapookoka au anapopoteza. Kwa .com, muda ukishakwisha msajili anaweza kukushikia jina hadi siku 45. Tovuti huzimika au hugeuzwa ukurasa wa matangazo, lakini mara nyingi unaweza kuhuisha kwa ada ya kawaida. Usizitegemee siku hizo 45 zote. Msajili haruhusiwi kuzidisha, lakini kupunguza anaweza, na wako wanaoyapiga mnada majina mazuri ndani ya kipindi hicho hicho. Jina likifutwa, huingia siku 30 za kukomboa: mwenyewe wa zamani peke yake ndiye anayeweza kulirudisha, na ada yake hupanda mara kadhaa. Zikipita hizo, siku tano hakuna anayeweza kuligusa, kisha liko huru kwa yeyote. Kuna watu wana programu zinazongojea majina kama hayo na kuyadaka kwa sekunde. Jina la hoteli ambalo tovuti nyengine zimekuwa zikiwaelekeza watu kwalo kwa miaka wanalijua thamani yake kuliko mwenyewe.

Sisi tulikuwa ndani ya zile siku 30. Nikampata kijana Maskati. Neno la siri la baruapepe yake ya zamani alikuwa amelisahau, na msimbo wa kulibadilisha ulikuwa unatumwa kwenye laini yake ya hapa, ambayo alimwachia mama yake Konde. Msimbo huo huishi dakika chache tu. Basi nikapanda daladala hadi Konde, nikakaa na bi mkubwa barazani, simu yake mkono mmoja na yangu mkono mwengine, kijana akiwa hewani kutoka Maskati. Jaribio la kwanza mtandao ulikatika. La pili lilikubali. Tulilipa zaidi ya dola 80 kukomboa kitu ambacho ada yake ya mwaka ilikuwa dola 14.

Lakini si dola 80 zilizoniuma. Kundi la wazamiaji wanane, usiku saba, walituandikia mara tatu mwezi wa Mei. Barua zao ziliwarudia. Wakadhani tumefilisika, wakenda kwengine. Baruapepe yenye jina la kikoa chako inakufa pamoja na kikoa, kwa sababu ndani ya rekodi za kikoa ndimo mnamoandikwa seva gani, yaani kompyuta gani, ipokee barua. Na barua zilizokuja wakati jina limezimwa hukuti kwako hata ukirudi. Zimekwisha rudi kwa waliozituma.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye nyumba ya wageni, duka au chama, fungua akaunti ya msajili wewe mwenyewe. Kaa na fundi, mwambie akuoneshe, jaza jina lako au jina la biashara kama lilivyosajiliwa, na nambari ya simu unayoishika. Fundi mlipe kazi yake na umpe ruhusa ya kuingia kwenye hosti, pale faili za tovuti zinapokaa. Hosti na kikoa ni vitu viwili. Unaweza kubadilisha hosti kesho na jina likabaki lile lile, lakini ukipoteza jina, hosti hata ikiwa imelipiwa haikufai.

Baruapepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho. Hili nalisisitiza sana, kwani hata watu wenye ujuzi huteleza hapa. Ukiandika anwani ya hoteli yako kuwa ndiyo ya kupokelea ilani, siku jina likizimika ilani zinazimika nalo, na hata neno la siri huwezi kulibadilisha. Tumia anwani ya nje, na iwe ya watu wawili wanaoifungua. Sisi ni mimi na binti wa mjomba.

Ukibadilisha jina au baruapepe ya mwenye kikoa, msajili atakutumia kiungo cha kuthibitisha. Kibonyeze siku hiyo hiyo. Zikipita siku 15 hujathibitisha, jina linaweza kusimamishwa. Pia anaweza kukufungia usihamishie kwa msajili mwengine kwa siku 60, kwa hiyo ukitaka kuhama, usisubiri wiki ya mwisho.

Watu huniuliza wachukue .com au .co.tz. Kwa biashara inayotegemea wageni wa nje mimi nachukua zote mbili, moja naielekeza kwa nyengine. Vikoa vya .tz vinasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na huuzwa kupitia wasajili iliowaidhinisha, na faida kubwa ni kwamba wengi wao wako hapa nchini, unalipa kwa simu bila kadi, na likitokea tatizo unaongea na mtu kwa Kiswahili. Jumuiya zisizo za biashara zina .or.tz, na iko hata .hotel.tz. Siku zilizoelezwa hapo juu ni za .com. Kwa .tz muulize msajili wako utaratibu wake kabla hujalipa.

Katika kuchagua jina, kumbuka kwamba kwa majina ya Kiswahili herufi zinazokubalika ni a hadi z, tarakimu na kistari. Mwenye duka la Ng'ambo hana pa kuweka ile alama ya juu, itabidi aandike ngambo, na mgeni atalisoma anavyojua. Litamke jina kwa mtu kwenye simu mara moja, bila kumtajia herufi. Akiliandika sawasawa, lichukue.

Na kuna barua za ulaghai. Mjomba ilimfikia moja, imeandikwa kwa adabu sana, kwamba kampuni fulani inataka kusajili jina lake huko China na yeye apewe nafasi ya kwanza akilipa haraka. Nyengine huja kama ankara, zina nembo na tarehe ya mwisho. Alikuwa ameshaanza kutafuta pesa. Mimi sibonyezi kiungo chochote cha malipo kilichomo kwenye barua. Naandika anwani ya msajili kwa mkono, naingia kwenye akaunti, na nikikuta hakuna deni, hakuna deni.

Ikiwa hujui kikoa chako kiko vipi, ingia lookup.icann.org leo, andika jina lako la .com. Utaona msajili ni nani na tarehe ya kwisha. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa siku hizi, kwa hiyo kama si wewe unayeingia kwenye akaunti, mpigie fundi umuulize limeandikwa kwa nani. Ukiona neno clientTransferProhibited usiogope, ni kufuli, maana yake jina haliwezi kuhamishwa kimya kimya. Ukiona redemptionPeriod, acha unachofanya na umtafute msajili saa hiyo hiyo.

Kikoa chetu sasa kimelipiwa miaka mitano. Tarehe mjomba ameiandika mwenyewe kwa kalamu, kwenye daftari analoliweka kwenye sanduku pamoja na karatasi za nyumba.