Kupanga kurasa za wiki ya gemu: mchezaji amesitisha mchezo, anatafuta namba moja

Swali: Shikamoo mjomba. Mimi na wenzangu watatu hapa Nachingwea tunaandika wiki ya Kiswahili, yaani tovuti ya maelezo ambayo wengi huihariri, kuhusu Stardew Valley, gemu la kilimo. Tunatumia MediaWiki, programu ya kuendeshea wiki. Kurasa zimefika kama sitini, ila kila mtu ana mtindo wake. Mmoja anapaka rangi kila mahali, mwingine anapiga hadithi ndefu kabla ya kusema jambo, na majedwali yakifunguliwa kwenye simu yanatoka nje ya kioo. Tumegombana pia kama majina ya gemu kama Parsnip (zao) na Spring (msimu) tuyatafsiri au tuyaache. Tuandike sheria gani, na tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mpwa wangu. Msianze kwa kuandika sheria. Mimi kazi yangu hapa Mtwara ni kupanga miongozo ya programu, na mwaka wa kwanza niliwaandikia wenzangu kurasa kumi na moja za kanuni za uandishi. Hakuna aliyezisoma, na baada ya miezi miwili hata mimi nilikuwa nazivunja. Kinachofanya kazi ni kukubaliana juu ya msomaji mmoja, kisha mpangilio mkauweka ndani ya vigezo (template, yaani fomu ya kujaza) ili mtu akiandika tu, ukurasa ujipange wenyewe.

Msomaji wenu namfahamu. Amefungua menyu ili saa ya gemu isimame, ametoka kwenda kwenye wiki yenu kwa simu hiyohiyo, bando lake la kubahatisha, na anataka kujua kitu kimoja: nikipanda hii leo, nitavuna lini? Akikuta aya tatu za historia ya gemu, anaondoka.

Kwa hiyo sehemu ya juu ya ukurasa, kabla ya kichwa kidogo cha kwanza, ndiyo shamba lenye rutuba. Kwenye mwonekano wa simu, wiki nyingi za MediaWiki hufunga kila sehemu inayoanza na `==` mpaka msomaji aiguse, lakini kilicho juu yake huonekana muda wote. Hapo weka sentensi moja au mbili zinazojibu: "Parsnip ni zao la Spring. Hukomaa kwa siku 4. Mbegu ni 20g kwa Pierre, na zao huuzwa 35g kwa ubora wa kawaida." Basi. (Hiyo g ni sarafu ya gemu, na Pierre ni mwenye duka.) Jina la ukurasa likolezwe hapo tu, mara moja. Mkikoleza kila neno mnaloliona la maana, hakuna neno litakaloonekana.

Kwa sababu hiyohiyo, kichwa kidogo kinachoitwa "Mengineyo" au "Taarifa muhimu" ni mlango usio na maandishi: nani ataugusa? Andika "Kupanda na kuvuna" au "Mapishi yanayotumia Parsnip". Vichwa vianze na `==`, kisha `===` ndani yake, bila kuruka ngazi. Alama moja ya `=` iacheni, hiyo ni ngazi ya jina la ukurasa wenyewe. Na msichague kichwa kwa sababu ukubwa wa herufi unapendeza. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Sasa majedwali, ambako naona ndiko mnakoumia zaidi. Kanuni yangu ni seli moja, thamani moja. Kipimo kikae kwenye kichwa cha safu, namba zikae peke yake:

```
{| class="wikitable sortable"
! Zao !! Siku !! Hurudia !! Mbegu (g) !! Bei (g)
|-
| Parsnip || 4 || – || 20 || 35
|-
| Potato || 6 || – || 50 || 80
|-
| Kale || 6 || – || 70 || 110
|-
| Cauliflower || 12 || – || 80 || 175
|-
| Strawberry || 8 || 4 || 100 || 120
|}
```

Angalia safu ya "Hurudia". Bila hiyo, mwenzenu angeandika kwenye Strawberry "siku 8 halafu kila baada ya siku 4", seli inavimba, jedwali linatoka nje ya kioo, na msomaji akibonyeza kupanga kwa siku, mpangilio unavurugika. Maelezo yanayobaki yaende kwenye aya chini ya jedwali: kwamba mbegu za Strawberry kwa kawaida hununuliwa kwenye Egg Festival ya tarehe 13 Spring, na kwa kuwa msimu una siku 28, ukizipanda siku hiyohiyo utavuna tarehe 21 na 25, basi. Hesabu kama hiyo ndiyo inayomrudisha msomaji kesho.

Safu tano zinatosha kwa simu. Zikizidi, zungushia jedwali `<div style="overflow-x:auto">` na `</div>`, litateleza lenyewe bila kuburuta ukurasa mzima. Na rangi? Msimfanye msomaji ategemee rangi peke yake kujua zao ni la msimu gani. Kuna wasioona tofauti ya nyekundu na kijani, na kuna wanaotumia kioo cheusi usiku. Andikeni neno.

Tatizo la simu lenyewe si geni. Miongozo ya zamani ya GameFAQs, tovuti ya miongozo ya gemu iliyoanza mwaka 1995, iliandikwa kwa maandishi matupu, mistari mingi ikikatwa kwenye herufi 79 hivi kwa sababu vioo vya wakati ule ndivyo vilivyotaka. Ifungue leo kwenye simu uone mistari ilivyokatikakatika.

Juu ya tafsiri, mimi nipo upande wa wanaotaka majina yabaki. Gemu halina Kiswahili, mchezaji anaona "Parsnip" kwenye kioo, na ndicho atakachokiandika kwenye kisanduku cha kutafuta. Mkipenda jina la Kiswahili, tengenezeni ukurasa wa kuelekeza wenye `#REDIRECT [[Parsnip]]`. Spring ndiyo msiiguse kabisa. Mkiandika "masika", msomaji wa huku kwetu atadhani mvua inamwagilia, naye anatakiwa kumwagilia mwenyewe kila siku isiyo na mvua. Sisi tuna kifuku na kiangazi. Spring ya kule ni siku 28 za kalenda ya gemu tu.

Saa nazo ni mtego. Kioo kinasema duka la Pierre linafunguliwa 9:00 am. Mmoja wenu akiandika "saa 9" na mwingine "saa 3 asubuhi", kuna mtu atakwenda amechelewa. Andikeni kama kioo kinavyosema, kisha saa yetu: "9:00 am, yaani saa 3 asubuhi". Na mtaje kwamba mwanzoni mwa gemu Jumatano hafungui.

Kwenye maelekezo ya hatua kwa hatua, semeni na mtu mmoja: "Nunua mbegu, lima, panda, mwagilia." Hiyo "mchezaji anapaswa kuhakikisha kuwa mbegu zinanunuliwa" iacheni kwenye barua za ofisi.

Picha za gemu hili ni za vijidoa, hivyo hifadhini kwa PNG. JPEG huzitia ukungu kwenye kingo. Kateni mstari wa juu wa simu kabla ya kupakia. Niliwahi kukuta picha ya ramani yenye ujumbe wa deni la mkopo wa simu umekaa juu kabisa, na mwenyewe hakujua.

Haya yote yawekeni kwenye kigezo. Mwandishi ajaze `{{Zao|jina=Parsnip|msimu=Spring|siku=4|mbegu=20|bei=35|toleo=1.6}}`, na kisanduku kijichore. Siku mkitaka kubadili mwonekano mtahariri sehemu moja badala ya kurasa sitini. Hiyo `toleo` msiisahau: 1.6 ilitoka kwa kompyuta Machi 2024, kwenye simu ikafika Novemba, na kwa miezi hiyo yote watu wawili walikuwa wakisoma ukurasa mmoja huku wakicheza matoleo mawili tofauti.

Anzeni na ukurasa wa Parsnip peke yake. Ukikamilika, mpe mtu asiyeijua wiki yenu, afungue kwa simu yake, umuulize mbegu ni bei gani. Akilazimika kusogeza kioo kuitafuta, rudini mezani kabla ya kuugusa ukurasa wa pili.