Mbona Mnachimba kwa Mwiko na Brashi?

Barua za mwezi huu nyingi ni za mambo ya maganjo, yaani magofu ya kale, na uchimbaji wake. Naona ni ya masika haya: mvua ikishaosha ufuo, vigae, vipande vya vyungu vya kale, hujitokeza vyenyewe. Nimechagua tano. Kwa wanaoniandikia mara ya kwanza, mimi ni mtu wa Langoni, Lamu. Kazi hii ya kuchimbua mambo ya kale nilianza kwa kuosha vigae kwa mswaki kule kisiwani Pate, na mpaka leo nikiambiwa nichague kati ya sarafu na chungu kilichovunjika, nachukua chungu.

*Shikamoo Bibi. Nachimba msingi wa nyumba hapa Mambrui. Futi tatu chini nimekuta vipande vya bakuli la kijani linalong'aa, na chini yake jivu. Rafiki yangu asema ni mali, nimpelekee mnunuzi mmoja Malindi. Au nikuletee wewe? – Kijana wa Mambrui*

Marahaba mwanangu. Usimpelekee huyo wala usiniletee mimi. Weka jembe chini, funika shimo kwa turubai mvua isiingie, uende ofisi ya Makumbusho hapo Malindi uwaambie. Kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na anayekiokota hana ruhusa ya kukiuza. Lakini si polisi ninayekutishia nao. Nakusihi kwa sababu ya hilo jivu.

Bakuli la kijani namna hiyo huenda limetoka Uchina, kwenye tanuri za Longquan; vipande vyake vimetapakaa pwani yote hii. Ukiling'oa ukaniletea, nitakwambia lilikochomwa, basi. Litakuwa kama mgeni aliyeteremka gatini hajui katoka kwa nani wala anakwenda kwa nani. Likibaki juu ya jivu lake, mambo ni mengine. Mkaa ulio ndani ya jivu utatupa umri. Miiba ya samaki itatuambia waliokaa hapo walivua ndani ya mwamba au walitoka bahari kuu. Ukingo wa shimo, tukiukwangua kwa mwiko mpaka uwe laini, utaonyesha rangi za udongo: kama ni tabaka lililotulia, au ni shimo la taka lililochimbwa baadaye likatoboa tabaka la zamani na kuchanganya vya babu na vya mjukuu. Jembe halioni tofauti hiyo. Ndiyo maana ya mwiko na brashi, na ndiyo maana kila ndoo ya udongo inayotoka huandikiwa imetoka mraba gani, tabaka gani, kisha ikachekechwa.

Na kwa kuwa u mtu wa Mambrui, najua utaniuliza habari ya sarafu. Ndiyo, mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na Uchina waliipata hapo kwenu sarafu ya mfalme Yongle wa Uchina, yenye tundu la mraba katikati, na mwaka 2013 wataalamu Chapurukha Kusimba na Sloan Williams wakatangaza nyingine kutoka Manda. Watu wakaruka moja kwa moja hadi kwa Zheng He, yule nahodha mkuu wa mfalme huyo, na merikebu zake. Taratibu! Sarafu za Yongle zilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1400. Kwa hiyo tabaka lililoizika haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Hayo ndiyo inayosema kwa yakini. Imekuja na nani, imepita mikono mingapi, imekaa miaka mingapi kwenye mfuko wa mtu kabla ya kudondoka, yenyewe haisemi.

*Salamu alaikum Bi. Mimi mzee wa Siyu, nimevua na nimejenga. Mwasema mkaa huu una miaka mia saba. Mkaa hauna tarehe. Mwajuaje? – Mzee wa Siyu*

Waalaykum salaam, ami yangu. Swali lako ndilo lililonipendeza kuliko yote.

Kila kilicho hai huvuta kaboni kutoka hewani: mti kwa majani yake, mbuzi kwa kula mti, sisi kwa kula mbuzi. Sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo ni ya aina isiyotulia, kaboni-14. Mti ukikatwa haupati nyingine, na iliyomo inaanza kuoza kwa kasi ile ile siku zote: kila baada ya miaka 5,730 hubaki nusu yake. Maabara hupima kilichobaki na kuhesabu kurudi nyuma. Njia hii iliasisiwa na Willard Libby huko Chicago, mwaka 1949. Zamani ilitaka konzi ya makaa. Siku hizi punje moja ya mchele iliyoungua inatosha.

Sasa wewe umejenga, utauona mtego kabla sijakueleza. Boriti inayotolewa kwenye nyumba iliyobomoka hutiwa kwenye nyumba mpya, sivyo? Nyumba ikiungua, mkaa wa boriti hiyo unatoa tarehe ya mkoko ulipokatwa, si ya nyumba. Tukiushika mkaa wowote tunaweza kuizeesha nyumba kwa miaka mingi. Kwa hiyo tunatafuta kilichoishi muda mfupi: mtama, mchele, kokwa ya tende. Na hivyo havionekani kwa macho shimoni. Tunautia udongo kwenye pipa la maji, tunaukoroga polepole, mbegu zilizoungua zinaelea, tunaziengua kwa kitambaa. Chaza na kome nao wana hila yao, maana kaboni ya baharini ni kongwe, na ganda huonekana la zamani kuliko lilivyo kwa miaka kama mia nne, lisiporekebishwa. Hata hesabu ya mkaa wenyewe hulinganishwa na pete za miti, zile duara za ukuaji ndani ya shina, zilizohesabiwa mwaka kwa mwaka, kwani kaboni-14 ya hewani haikuwa sawa nyakati zote. Kwa hiyo ami, mtu akikupa mwaka mmoja kamili kutoka kwenye mkaa, usimwamini. Maabara hutoa kipindi, tuseme kati ya mwaka fulani na mwingine, na kiasi cha uhakika wake.

Ikipita miaka kama elfu hamsini, kaboni imekwisha na njia hii haifai. Pango la Panga ya Saidi, hapa hapa kwetu pwani, Kilifi, lilikuwa na kaburi la mtoto wa umri kama miaka mitatu, habari zake zikatangazwa 2021: miaka kama 78,000. Hapo walipima chembe za mchanga. Chembe ikifukiwa hujikusanyia nguvu kidogo kidogo kutoka kwenye udongo ulioizunguka. Ikipigwa na jua hupoteza yote, inaanza upya. Kwa hiyo mchanga hutolewa ndani ya bomba lililopigiliwa ukutani mwa shimo, mwanga usiuone, na huko maabara hufanyiwa kazi kwenye giza la taa nyekundu. Mifupa yenyewe ilikuwa laini kiasi kwamba haikuchimbuliwa pangoni. Bonge zima lilifungwa kwa plasta, likapelekwa Nairobi, kisha Hispania likachunguzwa kwa mashine za kupiga picha za ndani.

Karibu na kwako, pale Shanga, mtaalamu Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, akakuta msikiti juu ya msikiti, na wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya nane. Miti haikuwapo tena. Palibaki madoa meusi ya duara ardhini, kila nguzo na doa lake.

*Bibi, siku hizi kuna droni na mashine. Kwa nini bado mnachimba? Na je, nikinunua kile chombo kinacholia kikihisi chuma ardhini, naweza kusaidia? – Mwanafunzi, Watamu*

Droni inapiga picha ya juu, rada inapeleka mawimbi ardhini na kuonyesha kuta, chombo cha sumaku kinahisi udongo uliopata moto. Ni muhimu hasa kwa nyumba za udongo, maana huko kwenye maganjo ya Gede, mtaalamu James Kirkman alipoanza kuchimba 1948, kilichosimama na kuvuta macho kilikuwa cha mawe, si cha udongo. Lakini mashine inakuonyesha pa kuchimba. Haikupi umri wa ukuta. Chombo cha kulilia chuma, hapana. Kikilia tu, mtu anachimba. Soma jibu la kijana wa Mambrui.

*Bi, nilisikia walifukua makaburi ya kwetu Faza wakapima damu, wakasema sisi ni Waajemi. Ni halali hiyo? Na ni kweli? – Mama wa Faza*

Dada yangu, si damu, ni meno na mifupa, hasa ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio, kwa kuwa joto la pwani huharibu vinasaba (DNA) kwingineko. Matokeo yalitoka 2023, ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani ikiwemo Faza, Manda na Mtwapa, wa kati ya 1250 na 1800. Wenyeji waliombwa idhini, na waliofukuliwa wakazikwa tena. Kama isingekuwa hivyo, mimi mwenyewe ningelipinga.

Walichosema si kwamba nyinyi ni Waajemi. Kwa wengi wao, upande wa mama karibu wote ni wa Afrika, na upande wa baba mara nyingi ni wa Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Sasa litazame pamoja na vigae. Neville Chittick, aliyechimba Manda, aliuona mji kama koloni la wageni. Shanga ikaja kuonyesha vyungu vya kienyeji tangu tabaka la chini kabisa, na mji ukikua juu yake. Vinasaba vinakwambia nani alizaa na nani. Nani alipika, kwa chungu gani, hilo liko jikoni.

*Bi, wavu wangu huku Ngomeni umenasa ubao mzito wenye misumari. Nimeuanika ukauke niuonyeshe watu. – Mvuvi*

Utoe juani sasa hivi, kaka! Ubao uliokaa majini miaka mingi umejaa maji ndani. Ukikauka hujikunja na kupasuka, na haurudi. Utie kwenye pipa la maji ya bahari, ufunike. Hapo Ngomeni ndipo Caesar Bita na Filipe Castro wanachunguza merikebu ya Kireno, yenye vipande vya shaba na pembe za ndovu, wanayofikiri huenda ni São Jorge iliyozama 1524. Huko chini hupiga picha nyingi zinazopandana, kompyuta ikaziunga ziwe umbo moja, kabla ya kugusa mbao. Kwa hiyo ubao wako unataka mahali pake. Andika ulipotupa wavu, kwa simu au kwa zile alama zenu za mnazi na mnara, uwapigie Makumbusho. Na wavu mwingine ukinasa hapo, usiuvute kwa injini. Mwite mzamiaji aukate.