Queen waliuza roki yao kwa disko?

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi bendi ya Queen ya Uingereza nilianza kuwasikiliza kwa sababu ya mwimbaji wao Freddie Mercury, si unajua ni mzaliwa wa Zanzibar. Sasa kinachonichanganya, ukisikiliza vitu vyao vya miaka ya 70 halafu uje Another One Bites the Dust utasema bendi mbili tofauti. Ndo kusema waliitupa roki wakafuata hela za disko? Na nianze na albamu gani? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Hapo unawaonea mwanangu. Queen ilikuwa na watu wanne na wote watunzi, tena kila mmoja ana hiti yake kubwa: Bohemian Rhapsody ya Freddie, We Will Rock You ya mpiga gitaa Brian May, Radio Ga Ga ya mpiga ngoma Roger Taylor, na hiyo inayokuchanganya ni ya John Deacon, mpiga besi, yule mkimya. Deacon alikuwa anaupenda sana muziki wa Chic, bendi ya disko ya Marekani, kwa hiyo zamu yake ilipofika akaleta anachokipenda, besi mbele gitaa pembeni, vyombo vingi kapiga mwenyewe, na ngoma za Roger ni kipande kifupi tu kinajirudia. Ikashika namba 1 Marekani mwaka 1980.

Ila mshtuko wako nauelewa, maana albamu zao kadhaa za mwanzo waliandika kabisa kwenye kava kwamba humu hakuna sintesaiza, yaani kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme! Zile sauti za ajabu zilitoka kwenye gitaa alilolichonga Brian na baba yake nyumbani, shingo yake ni mbao ya meko ya zamani, na badala ya piki, kile kiplastiki cha kukwaruzia nyuzi, anatumia sarafu ya peni 6. Kwaya ya Bohemian Rhapsody ni watu watatu tu wanarekodi sauti juu ya sauti mpaka tepu ikachakaa. Na We Will Rock You isikilize tena, ngoma hamna, ni miguu na makofi, gitaa linaingia mwishoni. Watu wa hivyo utawafungia kwenye mtindo mmoja kweli? Sintesaiza yenyewe iliingia kwenye albamu ya The Game, 1980, ndiyo yenye huo wimbo wa Deacon.

Walipoteleza kwa maoni yangu ni albamu ya Hot Space ya 1982, gitaa lilifichwa mno na Marekani mashabiki wengi wakawapa kisogo, japo humo humo kuna Under Pressure waliyoimba na mwanamuziki Mwingereza David Bowie, wimbo mtamu sana ule. The Works ya 1984 gitaa likarudi.

Wewe anza na A Night at the Opera, uje The Game, halafu Innuendo ya 1991 iwe ya mwisho. Freddie aliirekodi akiwa mgonjwa sana na Novemba mwaka huo akafariki, ana miaka 45 tu, lakini ile The Show Must Go On anaipandisha sauti mpaka mwili unasisimka. Hiyo usiisikilizie spika ya simu, tafuta hedifoni.