Je, Mbinguni Tutakuwa Tukifanya Nini Kila Siku?

SWALI: Mchungaji, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni fundi cherehani kwa mwaka wa 31 sasa, na kazi hii nilifundishwa na marehemu mama yangu. Hivi karibuni nilikuwa kwenye mazishi, na mhubiri akasema kwamba mbinguni hakuna kazi ya aina yoyote, ni kuimba tu mchana na usiku, milele na milele. Watu waliitikia amina, lakini mimi niliingiwa na huzuni, kwa sababu naipenda kazi ya mikono yangu, na katika kuimba sikujaliwa kipaji. Je, ni dhambi kuogopa kwamba mbinguni nitachoka? Na je, mama yangu nitamtambua?

JIBU: Dada yangu mpendwa, si dhambi. Hofu yako haitokani na kutompenda Mungu, bali inatokana na picha finyu uliyopewa siku ambayo ulihitaji faraja.

Nyimbo zitakuwapo, na mhubiri hakukosea kuzitaja. Katika Ufunuo sura ya 4, viumbe wanne wenye uhai walio karibu na kiti cha enzi hawapumziki mchana wala usiku wakimsifu Mungu, na katika sura ya 7 umati usiohesabika wa kila taifa na lugha unasimama mbele ya kiti cha enzi. Lakini kitabu hicho hakiishii hapo. Sura zake mbili za mwisho zinaonyesha mbingu mpya na nchi mpya, na mji mtakatifu ukishuka kutoka kwa Mungu, wenye milango isiyofungwa, mto wa maji ya uzima na mti unaozaa matunda kila mwezi. Tumezoea kuzungumza juu ya kupanda kwenda mbinguni hata tukasahau kwamba, katika maono yale, ni mji unaoshuka na Mungu anayehamia kwa wanadamu.

Naomba uvumilie hesabu kidogo, kwa maana ndani yake mna jibu la swali lako. Yohana, aliyeyaona maono hayo, anaambiwa kwamba mji huo una urefu, mapana na kimo sawasawa, stadio 12,000, ambazo ni takriban kilomita 2,200 kila upande. Mimi nazisoma namba hizo kama ishara kuliko kama vipimo vya fundi ujenzi, lakini umbo lenyewe lina maana. Katika hekalu la Sulemani, chumba cha ndani kabisa, Patakatifu pa Patakatifu, kilikuwa na dhiraa 20 kwa urefu, 20 kwa upana na 20 kwa kimo. Kuhani mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia Patakatifu pa Patakatifu, mara moja kwa mwaka. Sasa mji mzima una umbo la chumba kile, na ndiyo sababu Yohana anasema hakuona hekalu ndani yake. Hakuna tena tofauti kati ya mahali pa ibada na mahali pa kazi, wala kati ya siku ya Bwana na siku za riziki. Lolote litakalofanywa katika mji huo, hata likiwa dogo namna gani, litafanywa mbele za uso wa Mungu.

Je, kazi itakuwapo? Mimi naamini hivyo. Ufunuo 22:3 inasema kwamba hapatakuwa na laana tena, na papo hapo inaongeza kwamba watumwa wake watamtumikia. Kumbuka kwamba Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza kabla hajatenda dhambi, na kwamba neno la Kiebrania la kulima katika aya ile ndilo hilo hilo linalotumika kwa kumtumikia Mungu. Laana ilileta jasho, miiba na kazi isiyomlipa aliyeifanya, lakini kazi yenyewe ilikuwapo kabla yake. Isaya, katika sura ya 65, anawaona watu wakijenga nyumba na kukaa ndani yake wenyewe, na kufurahia kazi ya mikono yao. Ni kweli kwamba aya ya 20 ya sura hiyo bado inataja kifo, kwa hiyo wachambuzi hawakubaliani kama anaona umilele wenyewe au hatua iliyo kabla yake. Hata hivyo, sioni kwa nini furaha aliyoiahidi Mungu katika hatua moja aje kuiondoa katika hatua iliyo bora zaidi.

Kuhusu kuchoka, Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alifundisha kwamba kwa kuwa Mungu hana mwisho, mtu anayemkaribia hafikii mahali pa kusema ameshamaliza kumjua. Kila anachokiona humwongezea hamu ya kuona zaidi. Tunachoshwa na kitu tulichokwisha kukijua chote, na Mungu hawezi kuwa kitu cha namna hiyo.

Sasa nije kwa mama yako. Yesu mfufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi wake, na mikono yake ilikuwa na alama za misumari, hivyo mwili wa ufufuo hauifuti historia ya mtu. Mariamu Magdalene alidhani ni mtunza bustani, mpaka alipoitwa kwa jina lake. Nawe naamini utamtambua mama yako, na yeye atakutambua. Katika Kutoka 35 imeandikwa kwamba Mungu aliwajaza Bezaleli na Oholiabu, mafundi wa hema la ibada la Waisraeli, ustadi, pamoja na kazi ya kutarizi na kufuma, na tena akatia moyoni mwao uwezo wa kuwafundisha wengine. Mkono uliokuonyesha namna ya kushika sindano ulikuwa na karama hiyo. Kama mbinguni kuna cherehani, Maandiko hayasemi. Lakini yanasema, katika Ufunuo 14:13, kwamba wafao katika Bwana matendo yao hufuatana nao, na kushona kwa mama yako ni miongoni mwa matendo hayo.